Haki ya Kulizunguka Kosa la Mwingine

Kazi nyingi za mwanadamu hupita katika mikono ya mtu wa kati. Neno la mgeni humfikia mwenyeji kwa kinywa cha mkalimani. Shehena ya tajiri hufika ghalani kwa bega la hamali. Hukumu ya kadhi humfikia mdaiwa kwa mguu wa tarishi. Mtu wa kati akiwa mwaminifu hatumwoni. Akikosea, kosa lake huvaa sura ya bwana wake, na lawama humwendea asiyestahili. Basi yafaa tuulize: mtu asemaye kweli, kisha akatambua kwamba mkalimani wake huigeuza kweli hiyo kila afikapo neno fulani, afanyeje? Ashikilie neno lile lile kwa kuwa ndilo sahihi, na msikilizaji apotezwe? Au alipinde neno lake, aseme kwa njia ya mbali, ili maana ifike salama?

Swali hili ni la kale, lakini katika zama zetu limepata makao mapya. Limekaa katika kazi ya mafundi waandikao programu za chini kabisa za kompyuta, zile zinazogusana na mashine yenyewe bila pazia. Mwanafunzi wa lugha asidhani kwamba jambo hili si lake. Ni jambo la tafsiri, na mahali palipo na tafsiri pana amana, na mahali palipo na amana pana hiana pia.

Mashine haijui ila sifuri na moja. Fundi naye hawezi kukaa mchana kutwa akiandika sifuri na moja bila kupotewa na akili. Kwa hiyo huandika katika lugha iliyoundwa kwa ajili yake, kama vile lugha ya C iliyotungwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baina ya lugha hiyo na mashine amesimama mkalimani, naye si mtu, bali ni programu nyingine iitwayo kompaila. Grace Hopper aliandika moja ya programu za kwanza za namna hiyo mwaka 1952. Mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM likatoa kompaila ya lugha ya Fortran. Na mwaka 1987 Richard Stallman akatoa kompaila ya GCC, ambayo hadi leo hutumiwa kufasiri kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi katika Helsinki. Kiini hicho ndicho kigawacho kumbukumbu za mashine, kizipacho programu zamu zao, na kilindacho mafaili yasiingiliane. Simu zote za Android zimejengwa juu yake. Muuza samaki apokeapo malipo kwa simu ya namna hiyo, amana yake imepita katika mikono ya kompaila, ingawa jina hilo hakupata kulisikia.

Lau kompaila ingelifasiri neno kwa neno, makosa yake yangekuwa machache. Lakini haifanyi hivyo. Hupima, hufupisha, huondoa lisilo na kazi, hulileta mbele lililokuwa nyuma, ili mashine iende mbio. Ni mkalimani hodari, tena hodari kupita kiasi. Na kama ilivyo kwa kila hodari, hukosea pale anapojiamini zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitangaza matokeo ya kazi ya miaka mitatu. Walitunga programu nyingi kwa kubahatisha, wakazipitisha katika kompaila mbalimbali, wakafananisha majibu. Waligundua makosa zaidi ya 325 ambayo hayakujulikana kabla. Na kila kompaila waliyoijaribu ilipata kuanguka ilipopewa kazi halali, na pia ilipata kutoa tafsiri mbaya kimya kimya.

Maneno hayo mawili, kuanguka na kimya kimya, yataka tuyatenge. Kompaila inayoanguka ni sawa na mkalimani asemaye, «Sikufahamu.» Huleta usumbufu, lakini hakudanganya mtu. Kompaila inayofasiri vibaya kwa utulivu ni sawa na mkalimani asemaye uongo kwa sauti ya ukweli. Fundi atasoma maandishi yake mara kumi, ayaone yamenyooka, na mashine itatenda lisiloandikwa. Humo ndimo taabu ya kimaadili inamoanzia, kwa maana humo mtu hujikuta hana kosa, na bado anabeba matokeo ya kosa.

Hata hivyo, kabla ya kudai kwamba hana kosa, fundi ana wajibu wa kwanza, nao ni mchungu: kujishuku mwenyewe. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na fundi aliyeshindwa husingizia kompaila. Mara nyingi jua halina hatia. Mwaka 2009 palionekana katika kiini cha Linux, katika sehemu ndogo ya mambo ya mitandao iitwayo tun, jambo linalofaa kuwa funzo. Mwandishi alikuwa amesoma kitu kupitia anwani fulani ya kumbukumbu, kisha baadaye ndipo akauliza kama anwani hiyo ni tupu. Kanuni ya lugha ya C husema kwamba asomaye kupitia anwani tupu ametoka nje ya sheria, na kompaila haina tena deni lolote kwake. Basi kompaila ikahoji hivi: huyu amekwisha kusoma, kama amesoma, anwani si tupu, kama si tupu, swali lake ni la bure. Ikalifuta swali. Mlango uliodhaniwa kuwa na komeo ukabaki wazi, na mtumiaji wa kawaida wa mashine angeweza kupitia hapo akajitwalia mamlaka yote.

Nani mkosaji? Kwa sheria, kompaila haikukosa kitu. Kosa lilikuwa la aliyesoma kwanza akauliza baadaye. Lakini wakuu wa kiini hawakuishia katika kulisahihisha kosa hilo moja. Waliiamrisha kompaila isifute tena maswali ya namna hiyo popote katika kiini. Mwenye kushikilia sheria atasema kwamba walijipa upendeleo. Mimi nasema walitambua kwamba haki ya kisheria ya mtumishi si sababu ya kutosha ya kuiacha nyumba bila komeo. Lakini mfano huu hautupi ruhusa ya kuita kila tafsiri tusiyoipenda kosa. Watu hawa walijua wazi kwamba wanachokizunguka ni haki ya kompaila wala si kosa lake. Na kujua unachokizunguka ni nusu ya uadilifu wa kukizunguka.

Sasa tutazame kosa lililo kosa kweli. Mwezi wa Julai mwaka 2014 watu kadhaa walilalamika kwamba kiini huanguka ovyo, bila sababu ya kufahamika, katika kazi iitwayo load_balance, ambayo hugawa mizigo ya kazi baina ya prosesa za mashine. Maandishi ya kazi hiyo yalikuwa sahihi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba GCC toleo la 4.9.0 ilikuwa ikiweka kitu cha thamani katika steki, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu vya muda, kabla haijakitenga kipande hicho kiwe mali yake. Mfano wake ni mtu awekaye mkoba juu ya kiti cha feri kwanza, ndipo aende kukata tikiti. Mara nyingi ataukuta mkoba wake. Lakini katika kiini cha mashine wito wa dharura hufika wakati wowote. Ukifika katika nafasi ile ndogo, mgeni huketi juu ya kiti, na mkoba hupotea. Kwa hiyo mashine ilianguka leo, kesho isianguke, na aliyeichunguza akadhani ana wazimu.

La ajabu ni kwamba kosa lilizuka pale tu kompaila ilipoambiwa iandike kumbukumbu za kuwasaidia wachunguzi wa hitilafu, kumbukumbu ambazo kwa haki hazikupasa kubadili hata herufi moja ya tafsiri yenyewe. Kosa lilikuwa limejificha tangu matoleo ya nyuma, likingoja badiliko dogo lilitoe nje. Torvalds aliitukana kompaila kwa maneno makali, na matusi hayo yakaenea duniani. Lakini matusi hayakutengeneza kitu. Kilichotengeneza ni mambo mawili: kosa liliandikwa katika daftari la makosa la GCC pamoja na ushahidi wake, na katika maagizo ya kukifasiri kiini ukaongezwa mstari mmoja wa kuikataza kompaila kuandika kumbukumbu za aina ile. Jambo la kwanza ni kuliondoa kosa. La pili ni kulizunguka.

Hapa husimama mpinzani mwenye hoja nzito, naye anastahili kusikilizwa. Asema: kazi iliyonyooka isipindwe kwa ajili ya kazi iliyopinda. Kila mtu akilizunguka kosa, hakuna atakayelisahihisha. Na kizazi kitakachofuata kitarithi majengo yenye kona zisizo na maana. Tena, asema, kulizunguka kosa ni namna ya uongo, kwa maana maandishi yako hayasemi tena ulilokusudia, bali yasema lile ulilolazimika kulisema. Mwenye kweli na aiseme kweli yake, na mkalimani ajitengeneze.

Hoja hii ina utukufu, lakini imemsahau mtu wa tatu. Ingekuwa baina ya msemaji na mkalimani peke yao, ningeikubali. Lakini yuko asikilizaye. Kompaila iliyokwisha kutolewa imesambaa katika mashine zisizohesabika, wala hairudishwi kwa siku moja. Mwenye mashine iangukayo hana habari ya ugomvi wa mafundi, wala hakuchagua upande. Kumwambia angoje mpaka kompaila itakapotengenezwa, hali wewe unaweza kumwepusha na madhara leo kwa mstari mmoja, ni kumtoza yeye gharama ya usafi wako. Unyofu unaolipiwa na mwingine ni anasa. Ama juu ya uongo, nasema hivi: uongo ni kuficha. Anayepinda neno lake na kutangaza kwamba amelipinda, na sababu iliyompinda, hakumdanganya mtu. Bali anayelipinda akanyamaza, yeye ndiye aliyeukaribia uongo, hata kama mashine yake yaenda vizuri.

Nahodha aujuaye mwamba huambaa kando yake. Hakuna amlaumuye kwa kutokwenda njia iliyonyooka. Lakini kama amepita salama na hakuweka chelezo, wala hakuwaambia manahodha wenziwe bandarini, ameokoa chombo kimoja tu. Mwamba upo pale pale. Tena mwanagenzi wake, aliyemwona akipinda pale kila safari, atapinda naye maisha yake yote bila kujua kwa nini; na siku mwamba utakapovunjwa na serikali, bado atapinda, na atawafundisha wengine kupinda, na mpindo utakuwa ada, na ada itakuwa sheria.

Nisidhaniwe kwamba natia chumvi. Ule mstari wa mwaka 2014 uliwekwa bila mpaka: uliikataza kila kompaila, yenye kosa na isiyo na kosa. Kwa siku ile ilikuwa busara, kwa maana moto hauzimwi kwa kipimo. Kosa katika GCC lilisahihishwa, yakaja matoleo mapya yasiyo na dosari ile, lakini katazo likabaki. Miaka ikapita, na wachunguzi wa hitilafu wakawa wananyimwa kumbukumbu ambazo zingewasaidia, kwa sababu ya ugonjwa uliokwisha kupona. Mwishoni mwa mwaka 2020 ndipo mtu mmoja alipolifunga katazo hilo kwa matoleo ya kale tu. Chelezo kilikuwepo, na sababu ilikuwa imeandikwa, kilichokosekana ni kusema, «Hii yaisha lini?»

Pana mfano mwingine wa upande wa pili. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba GCC ilikuwa ikiharibu tafsiri mahali ambapo fundi ameandika amri ya lugha ya mashine yenye uwezo wa kuruka kwenda mahali pengine. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ajabu: kuweka baada yake amri nyingine iliyo tupu kabisa, isiyosema neno. Amri hiyo haikufanya kazi yoyote katika mashine. Kazi yake ilikuwa kumsimamisha mkalimani kidogo asiunganishe yasiyounganika. Asiyejua angeiona akasema ni upuuzi, akaifuta. Lakini sababu yake iliandikwa pamoja nayo. Baada ya miaka mingi, kompaila zenye kosa lile zilipoachwa kutumiwa, dawa ikaondolewa kwa haki. Mwezi wa Februari mwaka 2024 likazuka kosa jipya linalofanana sana na lile la zamani. Na kwa kuwa historia ilikuwa imehifadhiwa, mafundi waliikumbuka dawa ya kale, wakaijaribu, ikafaa. Maandishi machache ya mwaka 2013 yakawafaa watu wa mwaka 2024. Hiyo ndiyo tofauti ya kuzunguka na kukimbia: azungukaye huacha habari nyuma yake, akimbiaye huacha vumbi.

Kutokana na hayo naona masharti manne ya kulizunguka kosa kwa haki. Kwanza, uwe umejichunguza mwenyewe mpaka pasiwe na mahali pa kujificha, na kosa la mwingine uwe umelithibitisha, si umelidhania. Pili, umpelekee mwenye kosa habari yake pamoja na ushahidi mdogo kabisa unaoweza kuliona kosa hilo, kwa maana mlalamikaji asiyeleta ushahidi hutua mzigo wake juu ya kichwa cha mwingine. Tatu, uandike mahali penyewe kwamba hapa njia imepindwa, na sababu yake. Nne, uweke mpaka: mpindo huu ni kwa kompaila hizi, na zikitoweka nao utoweke. Anayeyatimiza hayo ameilinda haki ya mtumiaji wa leo, ya mwenye kompaila, na ya fundi wa kesho ambaye hajazaliwa.

Lakini yako makosa yasiyozungukwa. Mwezi wa Januari mwaka 2021 Russell King, fundi wa siku nyingi wa kiini kwa mashine za Arm, alieleza chanzo cha uharibifu uliomsumbua kwa muda mrefu: mara moja moja, bila mpango, hesabu za kuhakikisha mafaili zilikuja na kasoro. Kosa lilikuwa ndugu wa lile la mwaka 2014. Matoleo ya GCC kuanzia 4.9 mpaka kabla ya 5.1 yaliweza kugusa kitu katika steki baada ya mahali pake kuachwa kwa wengine. Safari hii wakuu wa kiini hawakutafuta njia ya kuzunguka. Walikataa: kwa mashine za arm64, kompaila iliyo chini ya 5.1 haitakubaliwa kamwe. Wenye kompaila za zamani walipata usumbufu, lakini ulikuwa usumbufu wa wazi, na wazi hutibika. Pale ambapo hujui kosa litatokea mistari gani, na madhara yake ni kuharibika kwa amana za watu polepole bila kelele, kuzunguka ni kujidanganya. Mkalimani asiyejulikana atakosea neno gani hazungukwi, huachishwa kazi.

Mtu ataweza kusema kwamba dawa ya kweli ni kuwa na mkalimani asiyekosea. Wako waliojaribu. Nchini Ufaransa, Xavier Leroy na wenzake wameunda kompaila ya C iitwayo CompCert, ambayo usahihi wa tafsiri yake umethibitishwa kwa hoja za kihesabu zilizokaguliwa na mashine. Watafiti wa Utah walipoijaribu, hawakuona tafsiri mbaya katika sehemu zilizothibitishwa. Makosa waliyoyaona yalikuwa katika sehemu ambazo hazikuwa zimethibitishwa. Hiyo ni heshima kubwa kwa akili ya mwanadamu. Lakini Ken Thompson alikuwa amekwisha kutuonya mwaka 1984, katika hotuba yake ya kupokea tuzo ya Turing, kwamba kompaila yaweza kufundishwa hiana, kisha ikairithisha hiana hiyo kwa kompaila izaliwayo nayo, na katika maandishi ya programu isionekane hata alama. Fundisho lake ni kwamba huwezi kuithibitisha kila kitu wewe peke yako mpaka chini kabisa. Mahali fulani lazima umwamini mtu.

Na hilo ndilo jambo la mwisho ninalotaka lifikiriwe. Tukichimba chini ya mashine hatukuti chuma peke yake; tunakuta watu walioaminiana. Kompaila ni kazi ya watu, kiini ni kazi ya watu, na kosa la mmoja humfikia mwingine asiyemjua, aliye bara jingine, katika mwaka mwingine. Katika jamaa kubwa namna hiyo haiwezekani kudai kwamba kila mtu asikosee. Yawezekana kudai kwamba akosaye aambiwe, na azungukaye aseme, na ajaye nyuma akute habari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha maradhi ya mwenziwe hana udhuru zaidi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Mwenye kweli na alipinde neno lake ikiwa msikilizaji ataumia asipolipinda. Lakini alipinde mchana, mbele ya mashahidi, na kwa muda. Mpindo ufanywao usiku, hata ukiwa na faida, ni deni lisiloandikwa, na deni lisiloandikwa hulipwa na yatima.